Meza Iliyokimbia

Miaka yote niliyofanya kazi chini yake sikuwahi kumwona Shefu akikimbia. Siku moja mvua ilitukuta na meza zimejaa uani. Sisi wengine tulijitwika viti na kupigiana kelele, yeye akaja nyuma yetu na sahani mbili za samaki wa mukeke, anatembea kama mtu aliyetoka msikitini Ijumaa na hana miadi na yeyote. Koti lake jeupe lililowa likamganda mgongoni. Samaki walifika mezani hawajaguswa na tone, na mpaka leo sijui aliwafunika na nini, maana mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Tulimwita Shefu tu. Wapishi walimwita hivyo, wateja walimwita hivyo, hata Patroni, mwenye mgahawa, alimwita hivyo, kwa sauti ileile aliyomwitia dereva wake. Jina lake la nyumbani nililisikia mara moja tu, ofisini kwa watu, na nitafika huko. Alikuwa msimamizi wa wahudumu katika mgahawa mmoja wa Bujumbura, upande wa bandari. Mimi nilikuwa mmoja wa wahudumu wake, binti wa mtaa wa Buyenzi niliyeingia kazini nikidhani kuhudumia watu ni kubeba sahani. Ilikuwa wakati wa vita. Nalisema hilo mapema kwa sababu karibu kila alichotufundisha kilitoka huko.

Siku yangu ya kwanza alinipa sinia lenye gilasi zilizojaa maji mpaka ukingoni, akaniambia nivuke ukumbi kutoka jikoni hadi dirishani. Nilifika katikati. Nyuma yangu akagonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko, pwaa, nami nikaruka na maji yote yakanimwagikia kifuani. Wapishi walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

"Anza tena," alisema Shefu.

"Shefu, utaniua na roho."

"Ni mufuniko tu, mama. Kesho itakuwa kitu ingine. Anza."

Nilianza tena. Nilirudia mpaka mikono ikawa inatetemeka kwa uchovu na si kwa woga, na hapo ndipo aliporidhika. Kila mhudumu alipitia mfuniko ule. Ulikuwa wa sufuria kubwa ya maharagwe, umebonyea upande mmoja kwa kugongwa, na mpishi alilalamika kila siku kwamba mvuke unamtoroka.

Sababu ya mfuniko ilikuwa meza iliyokimbia. Hilo ni neno la Patroni. Risasi zilipolia milimani, au upande wa Kamenge, au barabara ya pili tu kutoka kwetu, wateja waliinuka na kutoka. Wengine walitoka na chupa mkononi. Hakuna aliyesimama kuuliza bili, na siwalaumu. Lakini Patroni alishika bili ile na kuikata kwenye mshahara wa mhudumu wa meza hiyo.

"Vita si mimi nimeileta," alikuwa akisema.

Kweli hakuileta. Hata sisi hatukuileta, ila sisi ndio tuliokuwa tukiilipia kwa burusheti, mishikaki ya kwetu, na bia za watu wengine. Juu ya hapo tulikatwa gilasi iliyopasuka, uma uliopotea, sabuni ya kufulia makoti, na siku zile za ville morte, mji ulipofungwa na basi hazitembei, tulikatwa kwa kutokuja. Mwezi mmoja mwenzetu alitoka kwa Patroni na bahasha nyepesi mno, akajipepea nayo usoni kama anayesikia joto. Tulicheka. Kisha akaifungua, na alichokikuta hakikutosha nauli ya wiki. Hatukucheka tena siku hiyo.

Shefu alikuwa amegundua jambo kuhusu watu wanaokula. Wakisikia mlio, kabla hawajaangalia mlango, wanamwangalia mhudumu. Mhudumu akishtuka, wanakimbia. Mhudumu akipunguza mwendo, akamimina bia taratibu, akauliza kama kuna anayetaka pilipili, wanabaki kidogo, na kile kidogo kinatosha kuleta bili. "Muteja anaangalia miguu yako," alituambia. "Miguu ikitulia, na mukono wake unaingia mu mufuko." Basi risasi zikilia, sisi ndio tuliotembea polepole kuliko watu wote wa Bujumbura. Nimeona mabwana wazima, wenye magari na walinzi nje, wakinikodolea magoti ili wajue kama kuna hatari. Magoti yangu yalikuwa yananiambia nikimbie. Uso wangu ulikuwa unauliza kama watapenda ndizi za kukaanga.

Ilifanya kazi, hilo lazima niseme. Meza zilizokimbia zilipungua. Wateja walianza kutusifu, wakasema mgahawa ule ni salama, kumbe palikuwa pale pale na risasi zile zile. Patroni alifurahi sana, akanunua feni mpya.

Mtu anayemsikia hivi atadhani alikuwa mtu mpole. Hapana. Alikuwa mkali, mwenye dharau, na ulimi wake ulichoma. Wateja aliwainamia kwa adabu ambayo sijaiona tena, kisha akaingia jikoni na kuwachambua mmoja mmoja: huyu anakula kama anagombana na mtu, yule ameleta mwanamke mwingine lakini anaagiza chakula kile kile. Alikula akiwa amesimama, mgongo kwenye friji, kijiko kimoja baada ya kingine, macho ukumbini. Kama ungempa kiti alikitazama kana kwamba umemtukana.

Hakuruhusu habari za nani ni nani. Tulikuwa tumetoka mitaa ambayo haikuwa ikitembeleana tena, na kulikuwa na asubuhi ambapo mmoja alifika macho mekundu na mwingine alijua kwa nini. Hapo Shefu aliingia jikoni akipiga makofi. "Mu kuzini hakuna kabila," alisema. "Kuna vitunguu, na bado havijakatwa." Tukakata vitunguu, na aliyetaka kulia akalia, na hakuna aliyemuuliza ni kwa ajili gani. Mchana ulipoisha alitupanga kwa njia zetu za kurudi, wa kusini pamoja, wa kaskazini pamoja, ili kila kundi liwahi kabla ya saa ya kutotoka nje. Mwenye njia ya peke yake alimsindikiza mwenyewe mpaka kituoni, kisha akapanda basi lake la Musaga.

Halafu kulikuwa na birika. Lilikuwa birika la aluminiamu lililokatika mdomo, linakaa juu ya kabati la sahani, na bakshishi zote za siku ziliingia humo. Hakuna aliyeruhusiwa kupokea bakshishi mkononi. Mteja akikunyooshea noti, uliweka mikono nyuma, ukainamisha kichwa, ukasubiri aiweke mezani. "Mukono ni ya kazi," Shefu alisema. "Haiombe." Jumamosi kabla ya kufungua alilishusha birika na kugawa sawasawa, na mama wa kuosha vyombo alipata sawa na sisi. Wapo walionung'unika. Mmoja alimwambia wazi kwamba mama yule haonekani hata na wateja, anapewa kwa lipi?

"Muteja alikulia kwa sahani safi ao chafu?" Shefu aliuliza.

"Safi."

"Bon. Nyamaza."

Aliyekosa kuja kwa sababu mtaa wake ulikuwa umezingirwa naye alipata fungu lake, limefungwa kwenye kitambaa cha meza, linamngoja. Patroni alikata siku ile. Birika halikukata. Mimi mwenyewe niliwahi kungojewa hivyo, wakati Buyenzi ilikuwa haipitiki, na niliporudi na kukuta kile kitambaa kina fundo nililia mbele ya friji kama mjinga.

Sasa nisiseme uongo. Mgeni mmoja wa mashirika ya misaada, akiondoka nchini, alimkunjia Shefu noti kubwa na kuisukuma kwenye mfuko wa juu wa koti. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu, nikaona. Noti ile haikufika kwenye birika. Wiki iliyofuata Shefu alikuja na viatu vipya vyeusi, ngozi ya kweli. Nilimtazama viatu, naye akanitazama nikivitazama.

"Miguu ndiyo inafanya kazi," alisema, akapita. Hatukuzungumza habari hiyo tena.

Patroni aliliona birika naye. Baada ya msimu mmoja mbaya aliingia jikoni na kusema kuanzia leo bakshishi zitalipia kwanza meza zilizokimbia, zikibaki ndipo tugawane. Ilikuwa saa ya Shefu ya kula. Alilishusha birika kabatini, akavuta kiti, akakaa. Alilipakata birika na kuendelea kula maharagwe yake juu yake, kijiko kinapita kwenye mkono wa birika. Ndiyo mara pekee niliyomwona amekaa ndani ya jengo lile.

"Patroni, hii ni franga ya mutu amesema asante," alisema bila kuinua macho. "Weye, kuna mutu amekuambia asante?"

Patroni akakumbuka ana simu ya kupiga, akatoka. Birika halikuguswa.

Mtu mwenye ujasiri huo ungedhani angekataa pia makato ya mishahara. Hapa ndipo aliponiudhi kwa miaka. Mimi nilimwambia mara nyingi, "Shefu, juu ya nini tusikatae, tuende kwa mukaguzi wa kazi? Mutu akivunja gilasi, sawa, alipe. Vita ikivunja gilasi, ni mi nitalipa?" Aliniambia nishushe sauti. Aliniambia nje ya geti wamesimama watu kutoka mitaa iliyochomwa, na kutoka ng'ambo ya Kongo, wanaomba kazi yangu kwa nusu ya mshahara. "Ukikataa, kesho koti yako iko na mutu mwingine. Jua kutembea, mama. Apana kusema, kutembea." Kwake mshahara ulikuwa mali ya Patroni mpaka akupe mkononi. Bakshishi ilikuwa yetu. Mpaka huo aliulinda kwa pande zote mbili, na mimi nilimwona kuwa mtu aliyeamua kunyoosha miguu yetu kwa sababu hakuthubutu kumnyoosha Patroni.

Jaribio moja alilifanya. Kulikuwa na mzee mfanyabiashara, wa zile familia za Kiarabu zilizokaa mjini tangu zamani, ambaye kila alipokuja aliweka pesa chini ya kidude cha chumvi kabla hajavuta kiti. "Risasi zikilia, nisije nikafa na deni la samaki," alisema. Shefu alipendezwa, akaenda kwa Patroni kupendekeza wateja wote walipe kabla. Alirudi haraka. Patroni alikuwa amemjibu kwamba hapa ni mgahawa, si kibanda cha sokoni, na mtu wa heshima haulizwi pesa kabla ya kula. Shefu aliuchukua mfuniko wa maharagwe, akaita wahudumu wapya wawili na kuanza kuwagongea.

Mmoja wa hao wawili alikuwa Faustin. Alikuwa amekimbilia kwetu kutoka Uvira, ng'ambo ya Kongo, na mkewe Furaha na mtoto wa kunyonya. Kule kwao vita vilikuwa vimemfukuza, huku akavikuta. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, na alihudumia akiimba kooni bila kufungua mdomo, mpaka wateja wakawa wanatafuta redio iko wapi. Mfuniko ulipogongwa mara ya kwanza nyuma yake hakushtuka hata kidogo. Maji hayakutikisika. Shefu aligonga tena, kwa nguvu zaidi, karibu na sikio, na Faustin akafika dirishani, akageuka, akauliza, "Niweke wapi?" Nilimwona Shefu akitabasamu. Kwa mtu aliyekuwa hatabasamu bure, hilo lilikuwa jambo, na sisi tuliofundishwa kabla yake tuliona wivu.

Ilikuwa mchana, jua kali, ukumbi umejaa. Milio ya siku ile haikutoka mlimani. Ilitoka barabarani kwetu, mbele ya geti, na vioo vya dirisha viliitika. Nilikuwa nimesimama ukutani nikitabasamu kama nilivyofundishwa. Meza ya dirishani walikaa watu watano, wameagiza sana, na meza ile ilikuwa ya Faustin. Wale watano walilala chini. Faustin alitoka upande wa kaunta na bili juu ya kisahani, akitembea polepole, na, naapa, alikuwa akiimba. Alikuwa akitembea vizuri kuliko Shefu mwenyewe. Dirisha lilivunjika, naye akainama kama anayetaka kuokota uma ulioanguka, akabaki hapo hapo. Wale watano wakainuka, wakamruka, wakatoka.

Shefu alikuwa mlangoni mwa jikoni. Alitembea mpaka kwa Faustin. Hata wakati ule alitembea.

Mwisho wa mwezi Furaha alikuja kuchukua mshahara wa mwisho wa mume wake, mtoto mgongoni. Alitoka kwa Patroni akasimama uani na bahasha nyepesi, anaitazama. Hakuwa anasoma Kifaransa. Alimpa Shefu amsomee kile kikaratasi kilichokuwa ndani, maana mwezi ule Faustin hakuvunja kitu. Shefu alisoma. Meza ya dirishani, watu watano, imekimbia.

Sijui niueleze vipi uso wake. Nilikuwa nimemwona amechoka, amekasirika, amedharau. Hiki kilikuwa kitu kingine. Aliingia kwa Patroni bila kubisha hodi, na tuliokuwa uani tukasikia kila neno.

"Patroni, huyu mutu alikufa mu kazi yako."

"Na mimi nimeumia. Lakini meza haikulipa, Shefu. Nikimuachia huyu, kesho nitawaachia wangapi?"

Shefu alitoka, akaniambia nivue aproni. Tulikwenda kwa miguu mpaka ofisi ya mkaguzi wa kazi, Furaha katikati yetu, Shefu na koti lake jeupe na kitambaa bado kiko mkononi. Kwa miaka nilikuwa nimemwomba aende pale, na sasa tulikuwa tunakwenda, na sikuona furaha yoyote ndani yangu.

Mkaguzi alikuwa mtu mwenye haki, ila amechoka. Alisikiliza, akamwita Patroni aje, akatusimamisha sote mbele ya meza yake. Alimuuliza Shefu jina lake kamili, na hapo ndipo nilipolisikia. Kuhusu makato alisema bila kuzunguka: hasara ya vita si ya mhudumu, mshahara wa marehemu urudishwe wote. Patroni alikubali kwa kichwa. Ndipo Shefu akasema kuna jambo jingine, kuna kifo, na mjane anastahili kitu kwa kifo kilichotokea kazini. Mkaguzi akamgeukia Patroni na kumuuliza kwa nini mhudumu wake alikuwa amesimama na bili wakati watu wote wamelala chini. Je, ni amri ya mgahawa?

"Apana," alisema Patroni, kwa upole kabisa. "Mimi sijawahi kumwambia mutu abaki kwa meza. Muulize huyu. Nani alimufundisha kutembea wakati risasi inalia? Ni mimi?"

Furaha alimgeukia Shefu. Nilitaka aseme kwamba ni makato ndiyo yaliyotufundisha, nilitaka aseme habari za bahasha, za bili, za miaka yote ile. Nilianza kuyasema mimi, na mkaguzi akaniinulia mkono ningoje, kwa sababu swali halikuwa langu.

"Ni mimi," alisema Shefu.

Mkaguzi akaandika hivyo. Furaha alirudishiwa kile kilichokatwa, mbele yetu, noti kwa noti. Kwa kifo hakupata kitu, kwa kuwa hakikutokana na amri ya mwenye kazi. Alivuka kurudi Uvira na sijamwona tena. Kabla hajaondoka alimpa Shefu mkono, na Shefu aliupokea kwa mikono yake yote miwili, akashindwa kuuachia.

Wiki ileile Patroni alitufukuza mimi na yeye kwa kosa la kutoka kazini bila ruhusa. Siku tuliyokwenda kwa mkaguzi alitukata pia. Shefu alipanda juu ya kiti, akalishusha birika, akagawa kilichokuwamo kwa wote pamoja na mama wa vyombo, kisha akanikabidhi likiwa tupu. "Mi sitalihitaji," alisema. Koti alilikunja vizuri na kuliacha juu ya friji.

Miaka ilipita kabla sijamwona tena. Vita vilikuwa vinaelekea kuisha, au ndivyo redio ilivyosema, ingawa milimani bado walikuwa wakikumbushana kwa risasi. Nilikuwa nimepata kazi kwenye mgahawa mdogo wa mama mmoja wa Buyenzi, karibu na kituo cha basi za kusini, na kabla sijakubali nilimwekea sharti moja: meza iliyokimbia haikatwi kwa mtu. Alinuna siku nzima, kisha akakubali. Nikawa mimi ndiye ninayefundisha wahudumu. Birika lilikaa juu ya kabati, na mfuniko nilitafuta.

Shefu alikuja mchana mmoja, kwa basi kutoka Musaga. Alikuwa amekonda mpaka kola ilimzunguka shingo bila kuigusa. Viatu vilikuwa vilevile vyeusi, vimewekwa soli ya tairi. Alichagua meza ya karibu na mlango, akaagiza wali na ndagala, dagaa wa ziwani, akatoa pesa zake zote mezani na kuzigawa. Nyingine aliziweka chini ya kidude cha chumvi kabla chakula hakijaja. Noti moja aliikunja na kuirudisha mfukoni.

"Hii ni ya basi," aliniambia, kama anayeomba msamaha.

Nilikaa naye, jambo ambalo zamani asingeniruhusu. Aliwatazama vijana wangu wakipita na masinia.

"Bado unawapigia mufuniko?"

"Nawapigia, Shefu. Lakini sasa wakisikia wanatupa sinia, wanakimbia nyuma ya ukuta wa kuzini. Atakayechelewa anarudia."

"Na vyombo?"

"Vinavunjika."

"Nani analipa?"

"Mwenye mgahawa. Hapa hawakati, Shefu."

Alicheka, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi, kana kwamba nimemchekesha kwa makusudi. Kisha akavuruga wali wake. "Faustin hakuruka hata mara moja," alisema. "Mi nilikuwa nafurahi. Unasikia? Nilikuwa nafurahi."

Niliogopa kwamba nikimwambia si kosa lake angejua nadanganya, na nikimwambia ni kosa lake ningekuwa nadanganya zaidi. Nilimmiminia maji.

Milio ilianza upande wa juu, ikashuka, ikawa karibu. Vijana wangu walitupa masinia na kukimbia kama nilivyowafundisha, na moyo wangu ulijaa fahari hata katika hofu ile. Wateja waliwafuata, wengine nyuma ya ukuta, wengine chini ya meza, wengine nje. Niliufikia ukuta, nikageuka kumtafuta Shefu.

Alikuwa amesimama. Alichukua kitambaa cha mezani, akakitundika mkononi, akachukua kisahani, akaanza kutembea. Alikwenda meza kwa meza, polepole, mgongo umenyooka, miguu inakanyaga vioo vya gilasi. Nilimpigia kelele alale chini. Vijana walimpigia kelele. Aliinama kwenye meza ya dirishani na mkono wa mtu ukatoka chini yake ukampa pesa. Aliinamisha kichwa kushukuru, akaenda ya pili. Machozi yalinitoka nikimtukana kwa kila tusi la Buyenzi ninalolijua.

Kulipotulia alikuja jikoni, akaweka kisahani mbele yangu.

"Meza ya dirisha imelipa. Ya feni imelipa. Ya ukutani imelipa." Alikuwa anahema. "Ile ya pembeni imekimbia. Nilichelewa. Miguu imeisha."

Akaingiza vidole mfukoni, akatoa ile noti iliyokunjwa, akaiweka juu ya zingine.

"Shefu, nimekuambia, hapa hawakati!"

"Nimesikia," alisema. Alimtazama kijana wa meza ya pembeni, aliyekuwa bado amechuchumaa na mikono kichwani. "Lakini usimukate mutoto."

Nilimfuata nje na noti mkononi. Nikamnyooshea, nikamsihi. Alipeleka mikono nyuma, akainamisha kichwa, kama alivyotufundisha.

"Weka mu birika, mama," alisema.

Akaondoka. Watu walikuwa wameanza kutoka mafichoni na basi zilikuwa zimewasha injini. Vijana wa kuita abiria walimwona mzee anakuja, wakamwita, Musaga, Musaga, nafasi moja. Aliwapita, akashika barabara ya kusini kwa miguu, polepole.